Spea za pikipiki Mombasa: lini uagize mtandaoni na lini uende dukani

Hii naiandikia mtu yeyote mwenye pikipiki hapa Mombasa, awe ni wa boda anayetoka alfajiri ama ni mtu wa kwenda nayo kazini tu, ambaye kila kitu kikiharibika anafungua simu, anaona spea ileile kwa nusu ya bei ya dukani, halafu anabaki kujiuliza kama mwenye duka anamuibia. Saa zingine ni kweli duka liko juu. Lakini mara nyingi ile bei ya kwenye simu bado haijaisha kupanda, na mtu anakuja kujua pesa zishatoka. Msimamo wangu nautoa mapema: vitu vinavyoisha kila mara na vitu vya breki nunua dukani kwa mtu unayemjua uso, vitu adimu agiza, na kote kuwili usitoe hata shilingi kabla hujajua namba ya kitu chenyewe.

Kwanza, pikipiki yako ni gani haswa

"Boxer" si jibu. Kuna BM 100, kuna 125, kuna BM 150, kuna 150X, na hata zile za jina moja zinatofautiana kwa mwaka. TVS vilevile, HLX 125 si HLX 150. Washa tochi ya simu, futa grisi na vumbi pale kwenye shingo ya usukani usome namba ya fremu, herufi na tarakimu 17. Za Bajaj kutoka India, ndio wanaotengeneza Boxer, zinaanza na MD2, za TVS zinaanza na MD6, so hata kama stika zote zishabanduka na imepakwa rangi upya bado utajua ni ya kampuni gani. Piga picha, piga na ya namba ya injini, ziweke mahali hutazipoteza. Ukiingia duka lolote ama ukimwandikia muuzaji yeyote hizo picha ndizo za kwanza kutoa.

Wenye za Kichina naomba mtulie hapa kidogo, sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Wauzaji wa mtandaoni wanaandika tu "pistoni ya 125" basi. Angalia kwenye mwili wa injini kuna kodi, yaani alama ya herufi na namba, imepigwa, mfano 156FMI ama 162FMJ, na hio kodi inasomeka. 1 ya mwanzo ni silinda moja. Tarakimu mbili zinazofuata ni upana wa pistoni kwa milimita bila ile sehemu ya nukta. F ni injini ya kupozwa na upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni ukubwa, I ni 125 na J ni 150. Sasa ona: 156FMI na 157FMI zote ni 125, muuzaji hajakudanganya, lakini 156 kwa kawaida inatoka kwenye ukoo wa Honda CG125, pistoni yake ni milimita 56.5 na valvu zinasukumwa na vijiti, na 157 kwa kawaida ni ukoo wa Suzuki GN125, pistoni ni 57 na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, iko juu. Nusu milimita huwezi kuiona kwenye picha ya simu hata uivute vipi. Ikija Mombasa ndio utaiona, fundi ashafungua injini na boliti zimejaa kwenye sufuria.

Pili, namba ya spea yenyewe

Toa kile kibovu kwanza, kisafishe, ukisome. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu wanataka pikipiki iendelee kufanya kazi mpaka spea ifike, na naelewa, tajiri anataka hesabu yake jioni. Lakini ukiagiza kwa kukisia utaagiza mara mbili.

Beringi ndio rahisi kuliko vyote na ndipo nasikia uchungu sana watu wakilanguliwa. Beringi ya gurudumu ina namba pembeni, 6301, 6302, 6202, na hio namba ni ya dunia nzima, haina uhusiano na kampuni ya pikipiki. 6301 ni tundu la milimita 12, nje 37, unene 12, iwe imetoka kwa Boxer ama kwa mashine ya kusagia nafaka. Kwa hivyo huhitaji "beringi ya Boxer" ya mtandaoni wala ya kwenye boksi lenye picha ya pikipiki, nenda duka la beringi useme "nipe 6301 2RS", yaani ile yenye mpira pande zote mbili, na kwa Mombasa hio mipira usiiwache, sababu hewa yetu ya chumvi na maji ya mvua yanayosimama barabarani yanaingia kwenye beringi wazi mara moja. Sili za mafuta nazo zina vipimo juu yake, tundu, nje, unene, kwa hivyo zinauzwa kwa vipimo pia.

Cheni: soma 428 ama 420 ama 520 kwenye pini, na uhesabu viungo. 428 na 420 zina nafasi sawa kati ya pini, milimita 12.7, ndio maana mtu anadanganyika akiona inakaa kwenye meno, lakini upana wa ndani si mmoja. Ile H ya 428H maana yake bati ni nene zaidi, na kwa boda ya kubeba watu wawili na gunia mimi naona H ni lazima. Sproketi hesabu meno kwa kidole, ya mbele na ya nyuma, usitegemee alichokwambia aliyekuuzia pikipiki.

Plagi, andika kodi yote mpaka herufi ya mwisho. Kwenye NGK, CR8E na D8EA hata uzi wake si mmoja, C ni milimita 10 na D ni 12. Hio namba ya katikati ni joto, na kwa NGK ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, lakini kuna kampuni kama Champion na Bosch zinahesabu kinyume, so usihame kampuni ukabeba namba ileile.

Kwa pikipiki za Kijapani, zile Yamaha DT na AG na Honda XL za mashirika ambazo bado ziko nyingi Pwani, kuna njia nzuri sana na ni bure: mitandao ya wauzaji wakubwa wa nje kama CMSNL ya Uholanzi na Partzilla ya Marekani ina michoro ya pikipiki iliyofunguliwa kipande kwa kipande, kila kipande na namba yake. Huna haja ya kununua kwao. Tafuta mwaka na modeli yako, toa namba, halafu ile namba uende nayo popote. Namba ya Honda kawaida inakaa tarakimu tano, alama, tatu, alama, tatu, na zile za kwanza tano zinasema ni kitu gani, za katikati zinasema kilitengenezewa modeli ipi. Ukishazoea, muuzaji akikuletea boksi lenye tarakimu za mwanzo zilezile lakini za katikati tofauti utajua ni kitu hichohicho cha pikipiki nyingine.

Tatu, piga hesabu mpaka kitu kiwe mkononi

Wauzaji wa bei ya chini wa nje wako chini kwa sababu za kweli. Wananunua kwa wingi, hawana duka la barabarani, na zile bei zinazoshtua kabisa mara nyingi ni mali iliyobaki ghalani ya modeli zilizosimama kutengenezwa. Hio si uongo. Ila wewe uko Mombasa.

Chukua mfano: kitu cha shilingi 4,000 na usafiri 2,500. Forodha hawaangalii 4,000, wanaangalia bei pamoja na usafiri na bima, kwa hivyo tuseme 6,500. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za 0, 10, 25 na 35 kwa mia, kulingana na kitu, tuseme chako ni 10, hapo ni 650. VAT ya 16 kwa mia inapigwa juu ya 6,500 na 650 pamoja, 1,144. Kisha ada ya tamko la uagizaji 2.5 kwa mia na tozo ya reli 2 kwa mia, karibu 290. Umefika karibu 8,600 na bado hujamlipa aliyekutolea mzigo. Kile cha 4,000 sasa ni zaidi ya mara mbili. Dukani Mwembe Tayari ulikuwa umeambiwa 7,500 ukakasirika ukatoka.

Na bandari iko hapa Kilindini tunaiona, lakini kifurushi kidogo cha ndege kwa kawaida kinapita Nairobi kwanza ndio kirudi chini, kwa hivyo ongeza na siku. Wa boda aandike pembeni anachoingiza kwa siku, azidishe na siku pikipiki itakaa juu ya mawe. Hio nayo ni bei ya spea. Kuna mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi kutoka China ama Dubai wanatoza kwa kilo ushuru ukiwa ndani, na kwa kitu chepesi hio ni njia nzuri, lakini mwambie akuandikie bei ya kilo na kama ushuru umo, kwa maandishi, kabla mzigo haujaondoka huko.

Ukiona nje bado ni nafuu baada ya hesabu hio yote, agiza kwa moyo mweupe.

Nne, nini wapi

Kebo, plagi, cheni na sproketi, breki shuu, breki pedi, tyubu, tairi, balbu, mafuta: dukani. Hivi ni vitu vinavyoisha, utarudi tena na tena, na tofauti ya shilingi mia mbili haikutoi popote. Tairi pia utaisoma mwenyewe kabla ya kulipa, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara cha mviringo pembeni, wiki na mwaka, 3523 ni wiki ya 35 ya 2023. Tairi iliyokaa dirishani juani Mombasa miaka mitano mpira wake ushakauka hata kama haijawahi kugusa lami, iwache. Mafuta na betri hata usifikirie kuagiza nje, ndege zina masharti magumu kwa vitu hivyo. Mafuta hakikisha chupa imeandikwa JASO MA ama MA2, hicho ni kiwango cha mafuta ya pikipiki, kwa pikipiki yenye klachi ndani ya mafuta. Ya gari yana vitu vya kulainisha vinavyoweza kufanya klachi iteleze.

Breki nasisitiza. Usinunue breki kwa picha. Pedi nzuri ina herufi mbili nyuma kama FF, GG ama HH, hizo ni kiwango cha mshiko, H inashika zaidi ya F, moja ni ya baridi na nyingine ni ya ikipata moto. Isiyoandikwa chochote siifungi, na mtu anayeshuka Daraja la Nyali na abiria nyuma asiifunge.

Vya kuagiza: kabureta ya pikipiki ya zamani, geja, gaskiti seti ya modeli ambayo hapa haijulikani, plastiki za mwili, vitu vya pikipiki kubwa kubwa ambazo Mombasa nzima ni za kuhesabu. Hapo duka la mtaani litakwambia tu "hio haipatikani", ama mwenye duka ataagiza mtandaoni kwa niaba yako akuongeze chake. Ukiwa na namba, agiza mwenyewe.

Katikati kuna vitu vya umeme, CDI (kile kiboksi kinachoongoza cheche ya plagi), regyuleta, koili, na hapa uwe macho popote unaponunua. CDI za Kichina zinaweza kufanana umbo na hata soketi, na moja ni ya umeme wa AC nyingine ni ya umeme wa DC, ule wa betri, ukiichomeka ile siyo haitawasha, ama itaungua. Na maduka mengi kitu cha umeme kikishatoka hakiregeshwi. Kwa hivyo vya umeme mimi napenda vijaribiwe hapohapo mlangoni mwa duka, pikipiki iwepo, iwake mbele ya muuzaji.

Tano, ukiwa dukani

Nenda na kile kibovu mkononi. Asubuhi ni bora, kabla duka halijajaa mafundi wanaopiga kelele za oda zao. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Shekhe, nataka klachi pleti za BM mia na hamsini, hii hapa ya zamani." Duka zuri utalijua papo hapo, halikurushii boksi. Muuzaji atazichukua zile zako nyeusi za kuungua, atazipanga juu ya kioo kando ya zile mpya, ahesabu meno, apime unene kwa kidole, halafu akuulize, "Unataka orijino, unataka ya India, ama ya Kichina?" Hio ngazi ya tatu si lazima iwe mbaya, wala "orijino" si lazima iwe orijino. Uliza kila moja bei, na uliza swali hili ambalo lina thamani kuliko kushusha mia: "Isipokaa, naregesha?" Akisema "regesha kesho na risiti", andika jina la duka kwenye simu yako. Hapo ndipo uwe mteja.

Kukagua feki hakuna ujanja mmoja. Boksi lenye maandishi yaliyochuja ama herufi zimekosewa ni dalili. Plagi, sugua maandishi ya kwenye kauri kwa kidole gumba chenye mate kidogo, yakitoka ni feki, na ile washa yake isianguke ukiigeuza. Breki shuu, angalia ile ngozi imebandikwa sawa kwenye chuma, gundi isiwe imetapakaa. Beringi mpya ukiizungusha isilie wala isikwame. Boksi za baadhi ya kampuni kubwa siku hizi zina alama ya kuskani ama kukwangua, skani hapohapo kabla ya kulipa, muuzaji mkweli hatakasirika.

Faida nyingine ya duka ambayo haiandikwi popote ni imani. Ukishajulikana utaweka arubuni ubebe kitu, ama siku mbaya utapewa mali kauli ulipe jioni ukifunga kazi. Hakuna mtandao wa Marekani utakaokufanyia hivyo pikipiki ikikufia Jumamosi mchana.

Kama pikipiki bado ni mpya na iko ndani ya waranti, soma kile kijitabu kwanza, sababu kufungwa spea ya nje ama fundi wa nje kunaweza kukupotezea hio haki.

Sita, ukiagiza

Kwa mtandao wa hapa Kenya, chagua kulipa mzigo ukifika kama ipo. Wale wauzaji wa kurasa za mitandao ya kijamii wanaosema "tuko Kirinyaga Road Nairobi, tuma pesa tuweke kwenye basi ya jioni", wapo wakweli wengi, na wapo matapeli wanaotumia picha za wale wakweli. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ameshika ile spea yenyewe na karatasi yenye jina lako. Lipa kwa Till yenye jina la biashara, soma hilo jina kabla ya kukubali malipo, usitume kwa namba ya mtu binafsi unayoambiwa ni ya "mke wangu, Till imesumbua". Ukikosea namba, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sekunde hiyohiyo, ila hio ni ya kutuma kimakosa na inasaidia kama pesa bado hazijatolewa, si dawa ya kutapeliwa.

Kwa nje, M-Pesa ina kadi ya mtandaoni ya Visa, GlobalPay, inatosha. Usikubali kutoka nje ya mtandao ukalipe muuzaji pembeni kwa sababu amekupunguzia, ukitoka hapo umejivua ulinzi wote. Mwandikie muuzaji kabla ya kulipa, mtumie kodi ya injini na picha ya kibovu chako pamoja na rula, muulize "hii inakaa?", akijibu ndio, hilo jibu limeandikwa na ni ushahidi wako kikija kisichokaa. Soma nani analipa usafiri wa kuregesha. Kwa kitu cha bei ndogo kuregesha China kunakula zaidi ya kitu chenyewe, kwa hivyo hapo hesabu kama hakiregesheki kabisa.

Kikifika, kabla hujakata gundi ya boksi washa video, onyesha jina na muhuri, fungua bila kusimamisha, weka kipya kando ya kibovu, pima. Usikifunge kwanza. Kitu kikishaingia grisi hakuna atakayekirudisha.

Na kuhusu fundi: fundi wengi wana duka lao wanalopenda kukutuma, na kuna ambao duka linawatoa kitu kidogo kila wakileta mteja. Si dhambi, ni riziki yake, lakini kubalianeni mapema, wewe unaleta spea na yeye unamlipa kazi yake kamili, tena umlipe vizuri ili asiihitaji hio ya pembeni. Akikwambia ulicholeta ni feki msikilize, umwambie akuonyeshe kwa mkono wake ni wapi. Na vile vibovu vyote alivyotoa usimwachie gereji, viweke kwenye mfuko nyumbani mpaka pikipiki itembee wiki nzima bila shida, sababu kile kipya kikigoma, cha zamani ndicho kitakachokuonyesha kipimo.